Kuhama kutoka Windows kwenda Linux: hamisha kazi kwanza, kompyuta baadaye

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na tangu siku hiyo kompyuta nyingi zilizopo katika stesheneri, ofisi ndogo na vyumba vya wanafunzi wa Dar es Salaam zimebaki njia panda. Zinawaka na zinafanya kazi, lakini hazipokei tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani uliwekewa kikomo cha Oktoba 2026. Microsoft inawaelekeza watumiaji wake kwenye Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 au cha baadaye. Chukua mfano wa HP EliteBook 840 G3, kompyuta mpakato iliyotumika ambayo wengi wetu tumeinunua Kariakoo: prosesa yake ni ya kizazi cha 6, kwa hiyo haikidhi sharti hilo, ingawa kibodi yake bado ni imara na ukiiongezea RAM na diski ya SSD inafanya kazi za ofisi bila kusuasua.

Ipo njia ambayo tumeizoea, nayo ni kumpelekea fundi mashine akaiwekea Windows isiyo na leseni kwa bei ya makubaliano. Naomba msomaji aitafakari njia hiyo kwa makini, kwa sababu programu ndogo inayotumika kuidanganya Windows kwamba imelipiwa huwa inahitaji kinga ya virusi izimwe kwanza ndipo ifanye kazi, na hakuna anayeweza kukuambia programu hiyo imebeba nini kingine ndani yake. Mtu anayefungua akaunti ya benki, taarifa za kodi na barua za wateja kwenye mashine ya namna hiyo ameacha mlango wazi, hata kama hajaona dalili yoyote.

Mwongozo huu unahusu njia nyingine, yaani kuhamia Linux, mfumo endeshi wa chanzo huria ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi jijini Helsinki. Msimbo wake uko wazi, kuupakua hakuhitaji malipo, na kuusakinisha kwenye mashine kumi hakukufanyi mwizi. Wala si jambo geni kwetu. Ubuntu, ambayo ni moja ya familia kubwa za Linux, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na jina lake lina maana ileile ya utu tunayoijua sisi. Mwaka huohuo mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tumekuwa na mkono katika kazi hii kwa zaidi ya miaka 20.

Naandika kama mtu anayeendesha stesheneri yenye kompyuta nne maeneo ya Sinza. Tatu kati ya hizo sasa zinatumia Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, na moja imebaki na Windows kwa sababu nitakazozieleza. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba anayehama kwa mpangilio unaofaa hahami kompyuta kwanza. Anahamisha kazi zake, programu moja baada ya nyingine, akiwa bado yumo ndani ya Windows, na siku anapobadilisha mfumo wenyewe anakuta kwamba sehemu kubwa ya safari ameshaimaliza.

Andika kazi zako zote, kisha badilisha programu

Chukua karatasi na kwa siku saba andika kila programu unayoifungua na kila kifaa unachokichomeka. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu kitu kinachokwamisha uhamaji huwa ni kile kinachotumika mara moja kwa mwezi. Kwetu kilikuwa programu ya hesabu aliyokuwa akiifungua dada wa mapokezi kila mwisho wa mwezi, ambayo mimi niliyedhani naijua ofisi yote nilikuwa nimeisahau kabisa.

Orodha ikikamilika utaona kwamba kazi nyingi zimeshahamia kwenye kivinjari bila wewe kutambua. Kuwasilisha ritani za kodi, kuomba mkopo wa elimu ya juu, kutuma barua pepe, kupokea nyaraka za wateja kupitia WhatsApp ya kivinjari, yote hayo yanafanyika kwenye Firefox au Chrome, na vivinjari hivyo viwili ni vilevile kwenye Linux. Zoom ina toleo lake la Linux. VLC ipo. Hapa hakuna cha kujifunza upya.

Nyaraka ndizo zinazohitaji subira. Sakinisha LibreOffice, programu huria ya ofisi, kwenye Windows yako leo, uitumie kwa wiki tatu au nne kwa kazi halisi, na uache Microsoft Office ikae pembeni kama msaada wa dharura. LibreOffice inafungua na kuhifadhi mafaili ya docx na xlsx, na kwa barua, ripoti, mitihani na jedwali za kawaida hutaona tofauti kubwa. Penye matatizo ni kwenye nyaraka zilizopambwa sana, kama vile wasifu wa kuombea kazi uliojengwa kwa visanduku vya maandishi vilivyopandana, na jedwali za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili. Ukipata faili la namna hiyo, liandike kwenye karatasi yako. Mteja akikuletea kazi ya kuchapisha tu, mwombe aitume kwa PDF, na tatizo la mpangilio kuhama litakuwa limekwisha kabla halijaanza.

Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba nyaraka zinavurugika hutokana na fonti. Faili lililoandikwa kwa Calibri likifunguliwa kwenye mashine isiyo na Calibri, fonti nyingine inachukua nafasi yake, herufi zinakuwa pana zaidi, mstari unashuka, na ukurasa wa 12 unakuwa wa 13. Zipo fonti huria mbili, Carlito na Caladea, ambazo zilichorwa makusudi ziwe na vipimo sawa na Calibri na Cambria, kiasi kwamba mistari inakatika palepale ilipokatika awali. Ukishazisakinisha, utasifiwa na wanafunzi wanaoleta tasnifu zao kuchapwa.

Sasa niseme bila kuficha mahali ambapo Linux haikufai, au haikufai peke yake. AutoCAD haina toleo la Linux. Photoshop na Illustrator pia hazina, na CorelDRAW, ambayo ndiyo mkate wa kila siku wa watu wa mabango, kadi na mihuri, hali ni hiyohiyo. Inkscape ya kuchorea na GIMP ya kuhariri picha ni programu huria nzuri ninazozitumia, lakini kumwambia mchoraji mwenye mafaili ya miaka kumi ya CorelDRAW kwamba Inkscape itayafungua yote kama yalivyo ni kumdanganya. Vivyo hivyo programu za hesabu za mezani kama Tally na QuickBooks zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Mwanafunzi anayefanya uchambuzi wa takwimu anaweza kutumia R au PSPP, lakini kama msimamizi wake anadai mafaili ya SPSS, asianze mabishano katikati ya utafiti. Kwa watu hawa wote ushauri wangu ni kubakiza mashine moja ya Windows yenye leseni halali, au kuiweka mifumo yote miwili kwenye kompyuta moja. Ndiyo maana kompyuta yetu ya nne haijaguswa: inafanya kazi ya CorelDRAW na kazi ya hesabu za mwisho wa mwezi, basi.

D si diski nyingine

Nimeipa sehemu hii nafasi yake kwa sababu hapa ndipo nilipoumia. Mafundi wetu wengi, wanapoweka Windows, huigawa diski ya kompyuta sehemu mbili, C na D, kisha humwambia mwenye mashine aweke vitu vyake vyote kwenye D kwa sababu hata Windows ikiharibika D itabaki salama. Maneno hayo ni kweli pale ambapo fundi anafuta C peke yake na kuirudishia Windows. Tatizo ni kwamba baada ya miaka mingi ya kuyasikia tunaanza kuamini kwamba D ni kifaa kingine kilichokaa mahali pengine ndani ya kompyuta.

Mashine ya kwanza niliyoihamisha ilikuwa na mpangilio huo. Nilinakili folda ya nyaraka, picha na vitu vilivyokuwa kwenye dawati la Windows, vyote kutoka C, nikaiacha D kwa imani kwamba haihusiki. Kisha kwenye kisakinishi cha Linux nikachagua kufuta diski nzima. Kisakinishi kilifanya nilichokiambia: diski ilikuwa moja tu, na C na D zilikuwa vyumba viwili vya nyumba hiyohiyo. Kazi za wateja za miaka mitatu zilikuwa kwenye D. Baadhi nilizipata kwenye barua pepe, nyingine wateja walikuwa nazo, na nyingine hazikurudi mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote tafuta diski ya nje yenye nafasi ya kutosha na unakili kila kilichopo kwenye C ndani ya folda ya mtumiaji wako na kila kilichopo kwenye D. Iwe imeumbizwa (format) kwa exFAT, kwa sababu mfumo huo unasomwa na Windows na Linux pia, na hauna kikwazo cha FAT32 cha kukataa faili linalozidi GB 4. Ukimaliza kunakili, ichomoe diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue mafaili kumi hivi kutoka sehemu mbalimbali uone kama yanafunguka kweli. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu. Kumbuka pia alamisho na maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na data za programu ya hesabu, ambazo mara nyingi hukaa kwenye folda ya programu yenyewe na si kwenye nyaraka zako.

Yapo mambo mengine mawili ya kukagua ukiwa bado ndani ya Windows. La kwanza ni BitLocker, yaani usimbaji wa diski, ambao kwenye kompyuta za karibuni unaweza kuwa umewashwa bila wewe kuombwa. Uzime na usubiri mpaka kazi ya kufungua diski iishe, au angalau hakikisha ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48 umeuandika mahali. La pili ni kile kipengele cha kuwasha haraka, ambacho huifanya Windows isizime kikamilifu bali ilale nusu; kama unakusudia kubaki na mifumo miwili, kizime kwenye mipangilio ya nishati, la sivyo Linux itaiona sehemu ya Windows lakini haitaweza kuandika kitu humo.

Kuhusu leseni, wale walionunua kompyuta iliyokuja na Windows 8 au toleo la baadaye kutoka kiwandani wasiwe na hofu, kwa kuwa ufunguo wa leseni yao kwa kawaida umo ndani ya ubao mama na hauondoki kwa kufuta diski.

Flashi ya kujaribia

Matoleo ya Linux ni mengi, na mgeni anaweza kupoteza mwezi mzima akisoma ulinganisho wake. Mimi nashauri Linux Mint. Menyu yake iko pembeni kushoto chini, upau wa kazi uko pale ulipozoea, na mtu aliyetumia Windows kwa miaka mingi anaweza kukaa akaanza kuandika barua bila kufundishwa. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litapata marekebisho hadi mwaka 2029. Mashine ikiwa na RAM ya GB 4 au chini ya hapo chagua muonekano wa Xfce, ambao ni mwepesi. Ikiwa na GB 8, chagua Cinnamon.

Faili la kupakua lina ukubwa wa takribani GB 3. Mwenye bando la siku asilianzishe kwenye foleni ya daladala. Litafutie mtandao wa kudumu, ofisini au chuoni, au bando la usiku. Likishuka, hakikisha halikuharibika njiani. Fungua dirisha la amri la Windows ukiwa ndani ya folda lilipo faili, uandike amri ifuatayo, ukiweka jina kamili la faili lako:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu utakaotokea unapaswa kulingana na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Usipolingana, pakua upya. Najua bando linauma, lakini faili pungufu litakuumiza zaidi, kwa sababu usakinishaji utakwama katikati na utadhani kompyuta yako ndiyo yenye kasoro.

Baada ya hapo chukua flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, kwa kuwa itafutwa yote, na utumie programu ya Rufus kuandika faili hilo kwenye flashi. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa, na ubonyeze mfululizo kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia: kwa kompyuta nyingi za HP ni F9, kwa Dell na ThinkPad ni F12, kwa Asus mara nyingi ni Esc. Chagua flashi na usubiri.

Kitakachofunguka ni Linux Mint kamili inayokimbia kutoka kwenye flashi, bila kugusa chochote kilichopo kwenye diski. Kaa nayo. Usibonyeze ikoni ya kusakinisha siku hiyo. Unganisha mtandao, cheza sauti, fungua kamera, punguza mwanga wa skrini, funga kifuniko uone kama inalala na kuamka, chomeka printa uchapishe ukurasa wa majaribio, fungua yale mafaili magumu uliyoyaandika kwenye karatasi yako. Itakwenda polepole kidogo kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, lakini kile kinachofanya kazi hapa kitafanya kazi baada ya kusakinishwa, na kile kisichofanya kazi utakuwa umekijua mapema ukiwa bado na njia ya kurudi.

Tatizo linalojitokeza mara nyingi ni mtandao wa Wi-Fi, hasa kwenye mashine zenye chipu za Broadcom. Dawa yake iko mfukoni mwako. Chomeka simu kwa waya wa USB, kwenye mipangilio ya simu uwashe kushiriki intaneti kupitia USB, na Linux itaiona kama waya wa kawaida wa mtandao bila kuhitaji draiva yoyote. Kwa njia hiyo utaweza kufungua kidhibiti cha draiva, ambacho kitatafuta draiva ya Wi-Fi na kuiweka. Modemu za USB za mitandao yetu ya simu nazo nyingi hutambuliwa zenyewe, unachagua tu nchi na kampuni ya simu.

Linux ina faida nyingine ambayo kila mwenye stesheneri ataithamini. Kuna siku mama mmoja alikuja na flashi ya kikundi chao cha vikoba akasema, "Kaka, nisaidie, kila nilichokuwa nacho kimegeuka vimshale." Kwenye Windows folda zake zote zilikuwa zimefichwa na kirusi, na badala yake palikuwa na njia za mkato ambazo ukizibonyeza unakiambukiza kila kitu. Niliichomeka kwenye mashine ya Linux Mint. Dirisha lilifunguka na likaonyesha zile njia za mkato, faili la kirusi chenyewe, na chini yake folda moja isiyo na jina, ambamo mlikuwa na daftari la michango, orodha ya wanachama na picha za mkutano, vyote vikiwa salama. Linux haijali alama ya kuficha inayowekwa na Windows, na kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hakina pa kushika hapo. Tulinakili vilivyo vyake, tukaiumbiza flashi upya, tukamrudishia.

Siku ya kusakinisha

Chagua siku ambayo huna kazi ya mtu mezani. Kwa kompyuta ya mezani uwe na UPS, na kwa kompyuta mpakato betri iwe imejaa, maana umeme kukatika wakati diski inagawanywa ni jambo ambalo hutaki kulishuhudia. Usakinishaji wenyewe ni mfupi. Kwenye diski ya SSD hauzidi nusu saa.

Washa tena kutoka kwenye flashi na sasa bonyeza ikoni ya kusakinisha. Utaulizwa lugha na kibodi, na utaombwa ruhusa ya kuweka programu za kusomea video na muziki, nayo uitoe. Kisha utafika kwenye ukurasa wa aina ya usakinishaji, na hapo ondoa mkono kwenye kipanya kwanza usome. Chaguo moja litasema utasakinisha pembeni ya Windows, na jingine litasema utafuta diski. Kwa anayehama kwa mara ya kwanza nashauri chaguo la kwanza: litakuonyesha mchoro wa diski wenye kigawanyo unachoweza kukisogeza, nawe uipatie Linux walau GB 50. Ukichagua kufuta, diski nzima itafutwa, C na D pamoja, kama nilivyoeleza. Kabla ya kuandika chochote kisakinishi kitakuletea orodha ya mabadiliko na kukuuliza kama unaendelea. Hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kurudi nyuma, na usiipite kwa mazoea ya kubonyeza endelea.

Kwenye ramani ya dunia bonyeza Dar es Salaam ili saa iwe sahihi. Weka jina lako na nenosiri utakalolikumbuka, kwa sababu Linux italiomba kila unapobadilisha jambo linalogusa mfumo mzima. Ikimaliza, chomoa flashi uwashe upya. Kama umebakiza Windows, utaona menyu ya kuchagua mfumo kila unapowasha.

Wiki ya kwanza

Anza na kidhibiti cha masasisho na uyapokee yote. Kisha fungua Timeshift, ambayo huja na Mint, uiweke itunze picha ya mfumo kila wiki. Ukiharibu mipangilio unarudi ulipokuwa. Elewa kwamba Timeshift inalinda mfumo, haitunzi nyaraka zako, kwa hiyo ile diski ya nje iendelee na kazi yake.

Kisha fungua dirisha la amri. Usiliogope, nakupa amri chache tu. Ya kwanza inaleta fonti nilizozitaja:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Utaulizwa nenosiri, na unapoliandika hakuna nukta wala nyota itakayotokea kwenye skrini. Wageni wengi hapa hudhani kibodi imekufa. Haijafa, andika mpaka mwisho na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Amri ya pili ni zawadi kwa kila anayeandika kwa lugha yetu, kwa kuwa inaleta kikagua tahajia cha Kiswahili kitakachotumika ndani ya LibreOffice:

sudo apt install hunspell-sw

Ukishaiweka, chagua Kiswahili cha Tanzania kama lugha ya waraka, na ile mistari myekundu iliyokuwa ikitanda chini ya kila neno la barua yako itabaki tu pale ulipokosea au pale kamusi ilipokosa neno. Kwa mtu anayechapa mihtasari ya vikao kutwa nzima, utulivu huo wa macho si jambo dogo.

Kama umebaki na mifumo miwili, utashangaa kuona Windows inakuonyesha saa moja asubuhi wakati ni saa nne. Hakuna kilichoharibika. Linux huihifadhi saa ya ubao mama kwa majira ya dunia, Windows huichukulia kuwa ni saa ya mahali ulipo, na kwa kuwa sisi tuko mbele kwa saa tatu, tofauti inakuwa saa tatu kamili. Mwenye biashara anayeandika saa kwenye ankara zake asiliache hivyo. Amri moja inaiambia Linux ifuate mtindo wa Windows:

timedatectl set-local-rtc 1

Printa nyingi hujitambulisha zenyewe ukizichomeka. Za HP zinahudumiwa na programu iitwayo HPLIP, ingawa LaserJet ndogo kama P1102 zinahitaji nyongeza inayopatikana kwa kuandika hp-plugin kwenye dirisha la amri. Epson za matangi ya wino zina draiva za Linux na hazijanisumbua. Zinazosumbua kweli ni baadhi ya Canon LBP za zamani, na kama ndiyo printa yako ya pekee, ijaribu kwanza kwa flashi kabla ya kufanya uamuzi wowote.

Programu mpya zitafute kwenye kidhibiti cha programu cha Mint, usiende kuzipakua kwenye tovuti usizozijua kama tulivyozoea kwenye Windows. Na mtu wa pili anayetumia mashine hiyo, awe mdogo wako au mfanyakazi wako, mfungulie akaunti yake mwenyewe isiyo na mamlaka ya kubadilisha mfumo, umkalishe siku mbili karibu nawe, na umwache aulize. Kwetu maswali yalikuwa yaleyale: flashi inaonekana wapi, printa inachaguliwaje, na faili linahifadhiwaje kwa docx ili mteja alifungue kwake. La mwisho hilo limalize moja kwa moja kwenye mipangilio ya LibreOffice kwa kuagiza kila waraka uhifadhiwe kama docx.

Endelea hivyo kwa miezi mitatu ukiwa na Windows pembeni, na kila unapolazimika kuirudia andika kwenye ile karatasi tarehe na sababu. Kama miezi mitatu imepita na karatasi haina kitu, unakili mara ya mwisho kilichobaki upande wa Windows, washa kutoka kwenye flashi, fungua programu ya GParted, futa sehemu kubwa iliyokuwa ya Windows na uiumbize kwa ext4, umbizo la Linux, kwa ajili ya kuhifadhia kazi. Ile sehemu ndogo ya kuwashia yenye umbizo la FAT32 iache kama ilivyo, kwa sababu Linux nayo inaitumia kuwaka. Na kama karatasi ina sababu zinazojirudia, basi Windows ibaki palepale ilipo, ifanye kazi hizo tu.